Kabla Hujauita Mradi Wako kwa Jina la Mama

Mama yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, jina lake lilianza kutoweka mtaani. Halikuondolewa kwa ubaya. Majirani walianza kumwita mama fulani, kwa jina la mtoto, kama walivyomwita baba kuwa baba fulani. Leo wapo wanawake waliosuka naye ukili barazani miaka mingi ambao ukiwauliza anaitwa nani hasa, watakutajia jina la kaka yangu. Ndiyo desturi yetu nami naipenda, lakini ina gharama yake. Mzazi huliweka jina lake kando ili abebe la mwanawe, na kwa wengi halirudi midomoni mwa watu mpaka siku linaposomwa msibani.

Kwa hiyo kijana akinijia na mswada wa kitabu, au bendi, au chapa ya nguo, au filamu fupi, akaniambia anataka kuiita kwa jina la mama yake au la kijiji alikokulia, simwambii aachane na mambo ya moyo atafute jina la kuuza. Naona anataka kurudisha kitu alichoazima. Ila kurudisha nako kuna adabu yake, na nimeona majina mazuri yakiharibika kwa sababu mwenye mradi alikimbilia kwa mchora mabango kabla ya kukaa chini na mzazi wake.

Mimi mwenyewe nilikimbilia. Nilipoanza kurekodi ngano za Pangani kwa ajili ya watoto, zile nilizosimuliwa usiku huku mikono ya mama ikiwa kwenye ukili, sikuona jina jingine la kuupa mradi isipokuwa lake. Ngano alikuwa nazo yeye, na hata namna ya kunyamaza kabla zimwi halijatokea nilijifunza kwake. Nikachorewa nembo, jina lake limezungushiwa mkeka. Nikampelekea karatasi nikingoja afurahi. Aliitazama kwa muda, akaikunja mara mbili, akanirudishia.

"Mwanangu, jina langu usilianike juani."

Nilinyamaza. Baadaye, tukiwa tunachambua mchele, akanieleza. Mtu akinunua kitu kisimpendeze atasema fulani kaniuzia kibovu, na huyo fulani atakuwa yeye, aliyekaa zake ndani na hakuuza kitu. Tena kuna watu asiowajua, vijana wa umri wa wajukuu zake, watakaokuwa wakilitamka jina lake kavu, bila shikamoo wala bi. "Ukitaka kunitaja," akasema, "taja kwetu."

Nilikuwa nimempelekea zawadi iliyokwisha kufungwa, yeye akauona mzigo ulio ndani. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwambia mtu ni hili: nenda kwa mzazi mikono mitupu. Usiende na nembo, wala usiende na majina matatu achague moja. Muulize anapenda kuitwa nani. Utashangaa. Mzazi ana jina alilopewa na bibi yake, ana la chuoni au la ubatizo, ana lile la kwenye kitambulisho ambalo pengine karani aliliandika alivyolisikia, ana la utani walilompa wifi zake, na moja kati ya hayo ndilo akilisikia hugeuka haraka. Hilo ndilo lake. Mara nyingi silo lililo kwenye cheti.

Na usimuulize mbele ya wageni, kwa sababu mzazi muungwana hatakukatalia mbele za watu. Atasema ndiyo, kisha atakaa nalo moyoni. Kama unaogopa kwamba hata mkiwa wawili atakubali ili asikuvunje moyo, mtumie shangazi, au mama mdogo, au rafiki yake wa siku nyingi. Mambo mazito ya nyumbani kwetu hupita kwa mtu wa tatu, na hili ni zito.

Mzazi akiwa ametangulia mbele ya haki, ruhusa haifi naye, inahamia kwa ndugu. Hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi. Mama si wako peke yako. Ana watoto wengine, pengine wa baba mwingine, ana kaka zake, na kila mmoja ana kipande cha jina hilo. Waite, waeleze mradi ni nini, fedha zikipatikana zitakwenda wapi, na nani ataamua siku mtakapogombana. Andikeni hata kwa kalamu, ukurasa mmoja, mtie saini. Najua kuandikiana na ndugu wa tumbo moja kunaonekana kama kutoaminiana. Lakini ugomvi wa urithi wa nyumba watu huusamehe baada ya miaka. Ugomvi juu ya jina la mama aliyelala kaburini, mimi bado sijaona ukipoa vizuri.

Tukirudi kwenye lile alilolisema mama, jina kutamkwa kavu. Wengi wetu tangu tuzaliwe hatujawahi kumwita mzazi kwa jina lake, na lingetuponyoka mdomoni tungekatazwa kwa ukali. Ukiliandika ukutani, unawafungulia watu wote mlango ambao wewe mwenyewe hupiti. Basi litangulize na heshima. Pwani tuna Bi na Mwana. Bara watasema Mama au Mzee. Mimi napenda zaidi heshima ya kazi: Mwalimu, Fundi, Nahodha, Mkunga. Mzee anaweza kuwa yeyote mwenye mvi, lakini ukisema Nahodha, msikilizaji ameshaona bahari.

Njia nyingine ya heshima, ambayo naona tumeanza kuisahau, ni ile ya bin, binti na wa. Mtoto aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19 aliitwa Mtumwa. Alikua akiuza vyungu, akahamia mjini, akaimba taarab mpaka watu wakampa jina la Siti, bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Jina la kwanza lilibadilika lote. Lililobaki pale pale ni binti Saad. Baba ambaye asingejulikana nje ya Fumba amefika mbali kwa neno hilo moja, binti, wala hakuna aliyemtamka bila adabu, kwa sababu hasimami peke yake. Amesimama nyuma ya mwanawe. Na huko Kenya, mwandishi aliyetoa vitabu vyake vya kwanza kama James Ngugi aliliacha James akawa Ngũgĩ wa Thiong'o, akamweka baba yake kwenye jalada la kila kitabu kilichofuata. Kama unaogopa kuuita mradi wote kwa jina la mzazi, fikiria kama hujaliacha mahali fulani katika jina lako mwenyewe. Pengine kinachotakiwa ni kulirudisha hapo tu.

Sasa kwetu, alikosema mama.

Wanaotaka kuenzi nyumbani mara nyingi huchagua jina kubwa mno. Watu watatu wanaopiga gitaa Buguruni watajiita kwa jina la Afrika nzima. Nawaelewa, lakini jina kubwa halina harufu. Daniel Owino Misiani alizaliwa upande wa Tanzania, karibu na Shirati, mkoani Mara, akavuka mpaka na kufanya kazi yake ya muziki wa benga Kenya. Angeweza kujiita kwa jina la nchi au la ziwa. Alichukua Shirati. Wapenzi wa benga waliijua Shirati Jazz kwa miongo, na wengi wao hawakuwahi kukanyaga huko. Mahali padogo ambapo msafiri angepita bila kushuka pakaenea redioni, kwa sababu mtu mmoja alikataa kuita kwao kwa jina lisilo lake. Kama nyumbani kwenu ni kitongoji, sema kitongoji. Kama ni mwembe ambao chini yake baba alikuwa akitengeneza baiskeli, mwembe huo unatosha.

Nyumbani tena si lazima pawe mahali. Mwaka 1978 ilipoanzishwa Mlimani Park Orchestra jijini Dar es Salaam, jina rasmi lilitokana na ukumbi, jambo la kawaida kwa bendi. Jina lililoingia moyoni mwa watu ni lile jingine, Sikinde, ngoma ya ukae. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa nchi ambayo jiji limekaa juu yake, na ukae kwa Kizaramo ni nyumbani. Asiyejua Kizaramo husikia kana kwamba anaambiwa akae, atulie, asiende mbali, naye hajapotea sana. Napenda jina la namna hii, lenye tabaka la mwenyeji na tabaka la mgeni, na yote mawili yakampeleka msikilizaji upande uleule.

Mimi sikuwa na bahati hiyo mwanzoni. Kwao mama ni Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani. Ukisimama forodhani mjini unaiona, na pantoni inakuvusha. Nikauita mradi Bweni. Wiki ya kwanza tu, mwalimu mmoja aliniuliza kama hizo ngano ni za wanafunzi wa shule za kulala. Wa pili akaniuliza ni bweni la wavulana au wasichana. Kwa asiye wa Pangani, bweni ni chumba chenye vitanda vya ghorofa na matroni. Nikajaribu Ng'ambo, kwa kuwa ndivyo watu wa mjini wanavyoitaja Bweni. Hapo Wazanzibari wakafikiri nazungumzia Ng'ambo yao, na wengine wakafikiri nimetoka Ulaya. Tena anwani ya tovuti haikubali ile alama ya juu, kwa hiyo Ng'ambo ingekuwa Ngambo, neno ambalo mama asingelitambua.

Aliyelimaliza ni yeye. Alikuwa akimweleza mgeni asili yake akasema, kama watu wote wasemavyo, "Mimi kwetu Bweni." Neno moja, kwetu, likaondoa vitanda na matroni. Hakuna anayesema kwetu kuhusu chumba cha kulala wanafunzi. Mradi ukawa Kwetu Bweni.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo. Jina ulilolizoea tangu utoto hulisikii tena. Unasikia watu na harufu ya nyumbani. Mgeni anasikia neno. Kwa hiyo lipeleke kwa wageni kabla hujalipenda kupita kiasi. Mpigie simu mtu asiyekujua vizuri, litaje mara moja, mwambie aliandike. Akikosea herufi, watafutaji wako watakosea vilevile. Litaje ndani ya daladala yenye kelele. Lipeleke kwa wenye r na l zinazobadilishana, kwa wasiotamka gh na dh, kwa Mkenya, kwa Mkongo, uone linarudi likiwa na sura gani. Kama lina maana ya aibu katika lugha ya jirani, ni heri ujue leo. Na likihitaji kuokolewa, jaribu kwanza kuongeza neno dogo kabla hujalitupa: kwetu, kwa, mtaa wa, binti, mwana. Kiswahili kina vineno vingi vinavyofanya kazi hiyo kimyakimya.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kuunganisha silabi, mbili za baba, moja ya mama, moja ya kifunguamimba, na maduka mengi ya vifaa vya ujenzi yanaitwa hivyo. Ni njia ya staha, hasa kwa mzazi aliyekataa kutajwa waziwazi, nami siipingi. Ila kwa kazi ya sanaa naiona baridi. Msomaji hawezi kumpenda mtu aliyefichwa ndani ya silabi nne.

Kuna njia ya katikati ambayo ningetaka wengi zaidi waijaribu. Mpiga piano wa Marekani, Horace Silver, alikuwa mtoto wa mhamiaji kutoka kisiwa cha Maio, Cape Verde, na jina la ukoo lilikuwa Silva kabla ya kuwa Silver. Mwaka 1965 alitoa albamu aliyoiita Song for My Father, yaani wimbo kwa ajili ya baba yangu. Jina la baba halimo katika jina la albamu. Lakini kwenye jalada, mahali ambapo mnunuzi angetarajia kumwona mpiga piano, ameketi mzee mwenye kofia na sigara: baba mwenyewe. Mzazi amepewa uso badala ya kupewa bango. Kwa mama asiyetaka jina lake lianikwe, unaweza kugeuza vilevile: jina la mradi liseme kwetu, na ukurasa wa ndani, mahali pa kutabaruku, umtaje yeye kwa jina kamili na heshima zake zote, pale watakapofika tu wale waliofungua kitabu.

Hapa inabidi niseme habari ya karatasi, nami nitaisema kwa ufupi. Watu wengi wanaamini kwamba wakishasajili jina la biashara, BRELA kwa Tanzania Bara au BPRA kwa Zanzibar, jina limekuwa mali yao. Sivyo. Usajili huo unaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo. Kinacholilinda jina sokoni ni alama ya biashara, ambayo ni usajili mwingine, na wa Bara haufiki Zanzibar. Kenya alama husajiliwa KIPI. Hakimiliki, inayoshughulikiwa na COSOTA na KECOBO, inalinda kazi yenyewe, kitabu au wimbo, si jina lake. Tena sheria ya Kenya husita kusajili jina la ukoo au la mahali likisimama peke yake kwa maana yake ya kawaida, na kuna haki katika hilo: Bweni ni ya watu wote wa Bweni. Jina lililoongezwa neno, au lenye nembo yake, lina nafasi nzuri zaidi. Pekua kwenye rejista kabla ya kuchapisha chochote.

Zaidi ya sheria, fikiria siku ya kuachana. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alilipeleka jina la Morogoro kila mahali akiwa na Morogoro Jazz; alipotoka mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, jina la mji lilibaki na bendi. Jina la mji linaweza kubaki nyuma bila mtu kudhurika. La mama je? Ukiwa na washirika, andikeni tangu siku ya kwanza kwamba jina ni la familia yako, kwamba ukiondoka linaondoka nawe, na kwamba mradi ukiuzwa jina haliuzwi. Na kama unaanza kwa mkopo, nakuomba sana, usiweke jina la mzazi kwenye kitu ambacho benki inaweza kukipiga mnada. Anza kwa jina la kawaida. Kazi ikishasimama mwaka au miwili, ukishalipa mafundi na kuona kama unaweza kutimiza ahadi zako, ndipo ulibadili. Mzazi aliyekungoja ukue anaweza kungoja hilo.

Kisha kuna swali la kama watu watajua ni nani huyo. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zina maandishi madogo pembeni, herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Akina mama wameyasoma maneno hayo kwa vizazi. Wameyatafuta kwa vidole dukani kabla ya kulipa, kwa kuwa yaliwahakikishia kitambaa na rangi. Sidhani wengi wao waliwahi kuuliza Abdulla ni nani. Jina limeheshimiwa kwa pamba isiyochuja. Kwa hiyo andika kisa cha jina, sentensi tatu au nne, ukiweke mwanzoni mwa kitabu au nyuma ya lebo, lakini usikihubiri kila unapopata kipaza sauti. Anayependa kazi atauliza, na atakayeuliza ndiye anayestahili kusimuliwa vizuri.

La mwisho ni jepesi kulifanya leo na haliwezekani kabisa siku moja ijayo. Chukua simu yako, kaa na mzazi wako mahali alipozoea kukaa, umrekodi akilitamka jina hilo. Lake, au la kijiji, au la mto. Kila mtu ana namna yake ya kuita kwao. Mama anaivuta ile silabi ya kwanza ya Bweni kidogo, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya maji, na hakuna mwigizaji niliyemjaribu aliyeweza kuipata. Usimwambie azungumze vizuri. Usiondoe jogoo wala watoto wa jirani.

Ngano zetu zote zinaanza na sauti yake. Nyuma yake unasikia injini ya pantoni ikikaribia gati. Anasema, "Mimi kwetu Bweni," ananyamaza, kisha anaigeukia simu na kuuliza, "Imeingia?"